Shati la Kola Iliyogeuzwa

Kabla hajaiweka pasi juu ya nguo ya mtu, Mama Pasi huingiza vidole mfukoni kwanza. Ameshatoa humo misumari, tiketi, meno ya bandia ya mzee mmoja mwenye heshima zake, na barua moja ya mapenzi aliyoikunja vizuri akairudisha bila kusoma hata mstari, ingawa Mama Sindano, fundi cherehani wa mlango wa pili, mpaka leo haamini. Mifuko ya mtaa mzima imepita mkononi mwake. Mmoja tu ndio ulimpita, nao ni mfuko wa koti alilozikwa nalo mumewe.

Siku ile hawakumwachia afanye kitu. Walimkalisha chini, shemeji zake wakamvisha marehemu, na kitambulisho chake cha kazi kikaenda naye mfukoni. Ndani ya kile kitambulisho kulikuwa na picha, ndogo kama ukucha wa dole gumba. Picha ya harusi ilikuwa imekwisha kuharibika zamani, bati lilipovuja na maji yakaingia sandukuni. Basi mwanamume aliyesukuma mkokoteni katika mitaa ile karibu miaka ishirini, akawahamisha watu na vitanda vyao na makabati yao, aliondoka duniani bila kuacha uso wake mahali popote. Sasa ilikuwa imepita miaka kumi na minne.

Mama Pasi hakuwa mtu wa kulia-lia. Alisali asubuhi, alisali jioni, na katikati alipiga pasi. Chumba chake kilikuwa chini, mlango mmoja na dirisha moja kubwa linaloelekea barabarani. Meza ya kupigia pasi ilikaa papo hapo dirishani ili apate mwanga. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia.

Jumapili moja binti yake akapiga simu. Aliolewa mbali, siku mbili kwa basi, na alikuwa na mtoto wa miezi minne.

"Mama, huku wanasema mtoto hafanani na mtu yeyote wa kwao. Mama mkwe anamgeuza-geuza kama anamtafuta mhuri."

"Mwache amgeuze, atachoka."

"Nilitaka kumjibu kwamba amefanana na baba. Nikakaa nimtafute baba kichwani kwanza, nisije nikasema uongo. Mama, nimepata mikono. Mikono tu. Uso sina."

"Ulikuwa na miaka saba, mwanangu."

"Nitafutie picha. Hata moja, hata mbaya."

"Unajua hatuna."

"Kwetu hatuna. Lakini Mzee Picha yupo hapo miaka yote hiyo, atakosaje? Amepiga mpaka paka wa mtaa."

Mama Pasi alisema atauliza. Kitu ambacho hakukisema, kwa sababu hakuwahi kumwambia mtu ila Mungu, ni kwamba yeye naye uso ule ulikuwa unamtoka. Alipomwombea mumewe alimwona akija kwa mbali, mabega yale mapana, mwendo ule wa mtu anayevuta kitu hata mikono ikiwa mitupu. Lakini akikaribia, usoni hapaonekani kitu, kama dirisha lenye mvuke. Alikuwa anaogopa siku moja hata mwendo utaondoka.

Sasa huyo Mzee Picha. Alikuja kutoka ng'ambo akiwa kijana, na nywele zake, kwa mkataba wa kazi wa miaka miwili. Mkataba ukaisha, nywele zikaisha, yeye akabaki. Miaka thelathini na moja alikaa chumba kimoja cha juu, upande wa pili wa barabara, pale kwenye kona ya kinyozi. Lugha aliijua kama waliozaliwa nayo, isipokuwa akihesabu, hapo utamsikia anarudi kwao. Mke hakuoa. Siku zote kamera ilikuwa shingoni, ile ya filamu, nzito kama tofali. Harusi hakupiga, wakubwa hakupiga. "Hao wana wapigaji wao," alikuwa anasema. "Lakini mtu aliyekaa anangoja kinyozi amalize, nani atampiga?" Basi alipiga hao: mtu anayengoja, mwanamke aliyesimama kwa mguu mmoja anafunga kiatu, watu kwenye foleni ya maji, mgongo wa muuza magazeti. Kila Jumatatu alimletea Mama Pasi mashati matano, na mifukoni hamkukosekana kifuniko cha filamu.

Na alikuwa anaondoka. Macho yalikuwa yanafifia, magoti yalikuwa hayataki tena ngazi, na mtoto wa dada yake huko kwao alikuwa amempatia chumba katika nyumba ya kulelea wazee. Picha zake zilikuwa zinakwenda kwenye jumba moja la makumbusho. Gari la kubeba maboksi lingekuja Jumamosi, naye angeondoka nalo.

"Nenda leo leo," Mama Sindano alimwambia, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. "Ukichelewa utaambiwa mumeo yuko melini."

"Mume wangu hakupenda kupigwa picha. Alimkataza."

"Alimkataza kwa mdomo. Jicho la yule linakatazika? Mimi amenipiga ninapiga miayo mara tatu."

"Wewe hukumkataza."

"Mimi nilimwambia angoje nifunge mdomo. Hakungoja."

Mama Pasi alijua ni kwa nini mumewe alikataa. Kabla hawajaoana, mpita njia mmoja mwenye kamera alimkuta amelala juu ya mkokoteni wake saa sita mchana, akampiga. Wiki hiyo hiyo ikatoka gazetini, kubwa, na chini yake maneno ya kuwasema watu wa mjini kwa uvivu. Kumbe alfajiri ile alikuwa amehamisha nyumba nzima ya mtu, pamoja na kabati la milango mitatu. Mwaka mzima wenzake walimwita Mheshimiwa Uvivu. Alicheka nao, ila tangu siku ile akiona kamera aligeuza uso. Hata harusini walimbembeleza.

Lakini miaka ni mingi, Mama Pasi alijipa moyo. Katika miaka yote ile, hata kwa bahati mbaya, mtu atakosa kupita nyuma ya mwingine?

Jumatano akayachukua yale mashati matano, akavuka barabara, akapanda ngazi. Alimkuta Mzee Picha katikati ya maboksi kumi na tisa. Kamba alizokuwa anaanikia picha bado zilikuwa zimetandazwa kutoka ukuta hadi ukuta, na vibanio vyake, bila picha. Chumba kilinuka zile dawa zake za kusafishia filamu, chachu kidogo.

"Karibu, shemeji," akasema. Alimwita hivyo tangu zamani, kwa ajili ya urafiki wake na marehemu. "Nilikuwa nakuja kwako mimi. Umeniwahi."

"Nimeleta mashati. Na nina ombi."

"Ombi lako lingoje kwanza, nikupe kitu changu. Keti. Hapana, siyo hapo, hapo umekalia miaka mitatu ya soko."

Mama Pasi akahamia boksi jingine. Mzee Picha akainama nyuma ya kitanda, magoti yakilia, akatoa kitu kilichofungwa kwa shuka. Akakifungua. Ilikuwa picha kubwa, kama trei, ndani ya fremu ya mbao aliyoipiga msasa mwenyewe.

Ndani yake mvua ilikuwa inanyesha. Mtu ameinama, amempa mpigaji mgongo, anainua gunia kulipandisha kwenye mkokoteni. Maji yanamtiririka. Mabega mapana. Na shati, lile la mistari myembamba, ambalo Mama Pasi alilipiga pasi mara nyingi kuliko nguo nyingine yoyote duniani.

"Nilipokuwa napanga niliikuta filamu haina tarehe," Mzee Picha alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nikaisafisha. Akatokea huyu. Uso haupo, lakini mimi, shemeji, watu wa mtaa huu nawajua kwa visogo. Huyu ni yeye."

Mama Pasi alisogea karibu. Alinyoosha kidole, hakugusa kioo.

"Siku aliyonipandishia kitanda hiki hapa juu nilimwahidi," Mzee Picha aliendelea. "Niliinua kamera, akaniambia, 'Kitanda kipige, mimi niache.' Nikamwambia sawa. Miaka kumi na saba kila akipita mbele yangu nilishusha kamera. Siku hiyo ya mvua naona mkono uliniponyoka, na wala sikumbuki. Nimevunja neno langu kwa rafiki yangu, nikalisahau. Nilitaka kuichana. Kisha nikasema, mkewe hana kitu. Basi chukua, na ukimwombea umwambie anisamehe."

Lakini macho ya Mama Pasi yalikuwa yameshafika kwenye kola.

Kola ya shati lile ilikuwa imelika, kwa sababu ya magunia. Wiki ya sita baada ya mazishi, alipozikusanya nguo za mumewe kuzipeleka kanisani kwenye kapu la wahitaji, aliona aibu kutoa kitu kilichochanika. Akaifumua ile kola, akaigeuza upande uliolika ukaenda ndani, akaishona upya. Uzi mweupe ulikuwa umemwishia. Alishona kwa uzi mweusi, mishono mikubwa-mikubwa, kwa sababu siku zile mikono ilikuwa inamtetemeka. Na sasa, katika picha kubwa kama trei, mishono ile ilionekana mmoja mmoja, kama sisimizi wamejipanga shingoni mwa yule mtu.

Mumewe hakuwahi kuvaa kola ile.

Mzee Picha alikuwa amesimama mbele yake, mikono imelegea, kama mtu anayengoja kuambiwa aketi. Mama Pasi alifungua mdomo, na neno lililotoka likawa, "Asante, shemeji." Akaichukua picha, akateremka ngazi.

Mama Sindano alipoiona aliacha cherehani. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye kabisa. Tazama mgongo, mwanamke, mgongo ule ulinihamishia cherehani hii." Na machozi yakamlenga, yeye ambaye alikuwa halii hata msibani. Mama Pasi akanyamaza. Binti akapiga simu jioni, na kabla mama hajajua aseme nini, Mama Sindano akadakia kutoka mlangoni kwa sauti ya kusikika mpaka huko: "Imepatikana."

"Kweli, mama?"

"Ni ya mgongo," Mama Pasi akasema.

"Hata mgongo. Nitumie, mama. Nitaitundika mtoto aione. Mungu akubariki na Mzee Picha." Na akaanza kulia kwa furaha, mtoto naye akamfuata.

Mama Pasi hakuwa amesema uongo. Alijihesabia maneno yake yote, moja moja, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Aliisimamisha picha mezani, akaiegemeza ukutani, akapiga magoti asali kama kila jioni. Alipofika kwenye jina la mumewe, hakuja kwa mbali kama siku zote. Alikuja mtu wa kwenye picha. Alisimama pale karibu kabisa, amempa mgongo, amevaa kola ya mishono myeusi, na hakuondoka. Mama Pasi akaanza upya. Akaja yule yule.

Alhamisi ikawa hivyo hivyo, asubuhi na jioni. Ule mwendo aliokuwa amebaki nao, wa mtu anayevuta kitu kisichokuwapo, ukawa umezibwa na mgongo wa mgeni. Akaelewa kwamba akiiacha picha ile ukutani mwaka mmoja, mumewe hatarudi tena. Na huko mbali mtoto atakua anaonyeshwa babu ambaye siye.

Ijumaa, baada ya kumaliza nguo za watu, aliifunga picha kwenye lile shuka akavuka barabara.

Mzee Picha alikuwa anafunga maboksi kwa kamba. Alipoona shuka alidhani fremu imevunjika.

"Shemeji," Mama Pasi akasema, "nimekuja kukwambia jambo, na ilinipasa kukwambia juzi. Huyu siye."

"Siye nani?"

"Siye yeye. Shati ndilo. Mtu siye."

Mzee Picha alitabasamu kidogo, kama mtu anayemvumilia mfiwa. "Shemeji, mabega haya ninayafahamu."

"Mabega mapana yako mengi. Wasukuma mikokoteni wote wanayo. Tazama hapa." Akaweka kidole juu ya kioo, safari hii akakigusa. "Kola hii niliigeuza mimi, kwa mkono wangu, yeye akiwa ameshazikwa. Huu ni uzi mweusi. Nililipeleka kanisani kwa wahitaji. Mtu aliyelipokea ndiye huyu, na Mungu amsaidie, naona alilifanyia kazi."

Mzee Picha akatafuta kile kioo chake cha kukuzia. Akakiweka juu ya shingo ya yule mtu, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa. Alikaa hivyo kitambo. Kinyozi wa chini alikuwa anakung'uta kitambaa chake dirishani, na sauti ile ilisikika wazi.

Mwisho akajiinua, akakaa juu ya boksi.

"Kwa hiyo sikumpiga," akasema.

"Hukumpiga."

"Hata siku moja."

"Hata siku moja."

Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. "Wiki tatu nimekuwa nalala na jambo hili," alisema. "Nikajiambia, miaka yote umekula nao, ukazika nao, na neno dogo hilo moja likakushinda. Nilikuwa naona heri niondoke upesi." Akapumua. "Kumbe nilishusha kila mara."

Roho ya Mzee Picha ilikuwa imetua, mtu angeweza kuiona ikitua. Mama Pasi alimtazama, akamfurahia kwa kweli, na wakati huo huo akajiona amekaa pale na mikono mitupu kuliko alivyokuja Jumatano. Neno la rafiki lilikuwa limetunzwa vizuri, na ndilo lililomnyima.

"Na katika maboksi haya," akauliza, ingawa jibu alilijua, "hata kwa nyuma? Hata amepita tu?"

"Alikuwa akiona nimemlenga mtu, anazunguka barabara ya nyuma ili asiniharibie. Na mzigo wake. Ungemwona." Mzee Picha alitikisa kichwa. "Hamna, shemeji. Ningekuwa mtu mbaya kidogo, leo ungekuwa nazo mia."

Kisha Mzee Picha akainua mkono akaonyesha dirishani.

"Zile ambazo sikupiga nazikumbuka kuliko nilizopiga. Hapo chini, kwenye ukuta wa kinyozi. Kila siku, saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa limelala barabarani. Mpigaji gani hataki mwanga ule? Alikuwa anafika na mkokoteni mtupu, anausimamisha. Haji kwako moja kwa moja."

"Alikuwa anakuja moja kwa moja," Mama Pasi akasema. "Alikuwa anaingia anapiga mluzi."

"Mluzi alikuwa anauanzia pale. Kwanza anasimama. Ameinama, mikono magotini, anahema. Siku nyingine mpaka nilifikiri nishuke. Halafu anatoa pindo la shati anajifuta uso wote, shingo, masikio. Analirudisha ndani. Kisha, shemeji, anautengeneza uso. Anaukunja, anaukunjua, anaitanua midomo hivi, kama mtu anajaribu kiatu. Akiona umekaa sawa ndipo anaanza mluzi, anakamata mkokoteni, anavuka."

Mama Pasi alisogea dirishani akatazama chini.

"Kamera ilikuwa mkononi. Nilikuwa naishusha nakaa natazama tu. Miaka na miaka."

"Alikuwa anachoka hivyo?"

"Alikuwa anabeba makabati, shemeji."

Miaka kumi ya ndoa alimpokea mtu anayeingia na mluzi. Alikuwa anamtania kwamba kazi yake ni matembezi, kwamba anayechoka ni yeye mkewe aliyesimama na pasi kutwa nzima. Naye alikuwa anakubali. "Kweli, mke wangu," anasema, "mimi nazurura tu," na anamwekea maji ya kuloweka miguu. Mama Pasi aliyakumbuka yale maji, akainamisha kichwa.

Mzee Picha alipomwona amefuta macho, akaigusa fremu. "Hii nifanyeje? Niichane?"

"Usiichane. Huyu naye ana watu wake, huenda wanamtafuta. Iweke kwenye boksi. Uandike nyuma."

"Niandike nini?"

"Andika ukweli. Hatumjui jina. Alipewa shati na mjane."

Mzee Picha akachukua kalamu, akaandika hivyo hivyo, polepole, kwa herufi kubwa, akamsomea ahakikishe.

Jumamosi gari lilikuja asubuhi. Mtaa ulisimama kidogo, watu wakamshika mkono Mzee Picha, Mama Sindano akamwambia akifika kule asiwaonyeshe zile za miayo. Mama Pasi alimpa mashati yake ya mwisho, aliyoyachukua Ijumaa, yamekunjwa. "Mifuko yote mitupu," alimwambia, "nimekagua." Mzee Picha akasema, "Asante, shemeji," akapanda. Kufikia saa nne dirisha la juu lilikuwa wazi, halina pazia, na mwenye nyumba alikuwa anafagia.

Jumapili Mama Pasi akampigia binti yake. Alimweleza yote, tangu uzi mweusi.

"Kwa hiyo hakuna," binti akasema.

"Hakuna, mwanangu."

"Nilishamwambia mama mkwe."

"Mwambie mama yako alikosea kunyamaza. Mimi mwenyewe nitamwambia."

Kisha akamweleza habari ya ukuta wa kinyozi. Alieleza kama alivyoelezwa, hakuongeza. Binti alisikiliza bila kumkatiza, na mwisho akauliza kitu kimoja tu: "Alikuwa anasimama muda gani?"

Mama Pasi hakujua. Hakufikiri kumwuliza Mzee Picha, na sasa Mzee Picha alikuwa ameshakwenda ng'ambo.

Jioni, saa kumi na mbili kasoro, akawasha taa chumbani, akaacha dirisha wazi, akavuka barabara mpaka kwenye ukuta wa kinyozi. Siku hiyo palikuwa pamefungwa. Mwanga ulikuwa kama alivyoambiwa, umelala chini, wa manjano. Akaweka mikono magotini. Akaona haya, akaiondoa. Akairudisha. Akavuta pumzi na kuitoa, akijaribu kuhesabu itamchukua muda gani mtu mwenye mabega yale kuacha kuhema.

Mama Sindano akapita na kikapu. "Mama Pasi, umejifungia nje?"

"Napumzika kidogo."

"Kwenye kona?"

"Kwenye kona."

Mama Sindano alimtazama, akaenda zake. Huko juu dirisha tupu lilikuwa linaangalia barabara, na nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mama Pasi aliinua kichwa ili avuke, na hapo ndipo akaona. Hakuwahi kusimama mahali pale jioni, jioni siku zote alikuwa ndani. Kutoka kwenye ukuta ule dirisha lake lilionekana lote, limejaa taa. Meza ilionekana, na pasi, na mashati ya watu yaliyotundikwa, na nafasi ya mtu mmoja kati ya meza na pazia.

Alikaa pale mpaka mwanga ukaondoka barabarani. Kisha akaingia ndani, akapiga tena simu.

"Mama? Kuna nini?"

"Muda sijaujua," akasema. "Lakini nimesimama pale. Panaonekana ndani, mwanangu. Meza yote. Mimi nilikuwa nasimama upande wa kushoto, na wewe ulikuwa unakaa chini ya meza na vifungo vyako."

"Alikuwa anatuona?"

"Kila siku. Na sisi hatukujua."

Mtoto akaanza kulia huko mbali. Binti akasema, "Ngoja nimnyonyeshe, mama. Usikate." Mama Pasi akavuta kiti, akakaa na simu sikioni, akamsikia mtoto ananyamaza kidogo kidogo, na binti yake anapumua.